Kwa nini aliyekuja nyuma yangu ameitwa kwanza?

Nilifika hospitali saa mbili asubuhi, kidole kimekatwa na kisu. Kijana aliyeletwa saa mbili na nusu akaingizwa kabla yangu. Huo si upendeleo? (Msomaji, Morogoro)

Pole sana. Kama kijana alikuwa anahema kwa shida au damu yake haikatiki, si upendeleo. Muuguzi wa mapokezi anatafuta nani hawezi kusubiri, siyo nani amewahi. Wahudumu huita kazi hiyo triaji, kutoka kitenzi cha Kifaransa *trier*: kuchambua, kama tunavyochambua mchele kwenye ungo. Lakini ulistahili kufungwa kidole na kuelezwa sababu. Mgonjwa asiyeambiwa kitu huona amedharauliwa, na simlaumu.

Nani aliuanzisha utaratibu huu? (Msomaji, Mombasa)

Anayetajwa zaidi ni Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Ufaransa. Mwaka 1792 alikuta kanuni inayotaka magari ya majeruhi yakae mbali na mapigano hadi yaishe. Watu walilala uwanjani saa 24 na zaidi, wengi wakafia hapo hapo. Larrey akabuni gari jepesi la magurudumu mawili, linalovutwa na farasi wawili, ndani lina godoro la kulaza majeruhi wawili, liwafuate askari palepale wanapoangukia. Kule Misri, akiwa na Napoleon, alitumia ngamia wenye matenga ya kubebea majeruhi, moja kila ubavu.

Majeruhi walipoanza kufika wengi kwa pamoja, ikabidi aamue aanze na nani. Katika kumbukumbu zake za vita vya Urusi vya 1812 aliandika kwamba aliye hatarini zaidi ahudumiwe kwanza, bila kujali cheo. Mwenye jeraha dogo asubiri, au ajiendee hospitali ya nyuma, hasa maofisa, kwa kuwa wao kwa kawaida wana usafiri. Hapo ndipo ninapomheshimu sana: katika jeshi, mahali ambapo cheo ni kila kitu, alimweka kuruta anayekufa mbele ya ofisa aliyechubuka.

Nimesikia wengine huachwa wafe. Ni kweli? (Msomaji, Kigoma)

Swali zito, na sitalizunguka. Mwaka 1846 John Wilson, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, alishauri upasuaji uanze na wale utakaowaokoa. Wenye majeraha madogo wasubiri, na wanaoelekea kufa vilevile. Miaka michache baadaye, katika Vita vya Krimea, Nikolai Pirogov, daktari mpasuaji wa Urusi, aliwagawa majeruhi mlangoni, na wasio na tumaini wakakabidhiwa kwa masista na mapadri. Katika Vita Kuu ya Kwanza wapo waliotanguliza askari watakaorudi haraka kupigana, na hilo naliona kosa: mtu hapimwi kwa faida yake vitani.

Siku ya kawaida hospitalini, mahututi ndiye wa kwanza. Uamuzi ule mgumu hubaki kwa maafa makubwa, pale majeruhi wanapozidi mikono iliyopo. Hata hapo, aliyewekwa kando hupewa dawa ya maumivu na mtu wa kukaa naye.

Rangi wanazopewa wagonjwa mapokezi zina maana gani? (Msomaji, Eldoret)

Katika mfumo wa Afrika Kusini, ulioanza 2004 na kuenea nchi nyingine, nyekundu ni sasa hivi, chungwa ni haraka sana, njano ni haraka, kijani anaweza kusubiri. Bluu ni aliyekwisha kufariki.

Mtoto wangu ana miaka miwili. Nikiwa foleni, nitajuaje hawezi kusubiri? (Mama, Tanga)

Mtazame kifua: anahema kwa kasi, mbavu zinabonyea? Mguse mikono: ni ya baridi? Amelegea haamki ukimwita, ana degedege, au anaharisha na macho yamedidimia? Ukiona hata moja, usirudi kwenye benchi. Mpeleke kwa muuguzi umwambie waziwazi, "Mtoto wangu amebadilika." Na kama alishapimwa akapewa kijani, omba apimwe tena. Rangi ya saa moja iliyopita ni ya mtoto wa saa moja iliyopita.