Miraba minne haina shida, shida ni dalali wa viwanja

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniuliza hivi: "Mwalimu, shuleni tulifundishwa mraba ni umbo la pande nne zinazolingana. Sasa mbona mtu mwenye mwili tunamwita jitu la miraba minne, si atakuwa na pande kumi na sita huyo? Na neno lenyewe limetoka wapi?"

Swali zuri sana dada yangu. Mraba tumeutoa kwa Waarabu, wao wanasema murabba', na ndani yake imo arba'a, yaani nne. Ndugu zake unao mdomoni kila siku: robo ya sukari, arobaini ya marehemu, na kwa wapenzi wa ushairi tarbia, lile shairi la mishororo minne kila ubeti. Waingereza wanasema square, limewafikia kupitia Kifaransa cha zamani kutoka Kilatini, na huko Kilatini mzizi ni quattuor, nne vilevile. Carré ya Wafaransa na Quadrat ya Wajerumani ukoo huohuo. Mgiriki naye alisema tetragonon, pembe nne. Yaani wote hao wamehesabu nne wakaishia hapo, hakuna aliyetia ndani ya neno habari ya pande kulingana, hiyo imekuja na matumizi na somo la hesabu.

Kwa hiyo miraba minne mimi hainisumbui kabisa. Ninavyoisoma, mraba hapo umebeba maana ya upande, mtu kajaa mbele, nyuma, kulia na kushoto, ukimtazama popote kaenea. Semeni tu.

Kinachonichoma roho ni hiki hapa: "Kiwanja kinauzwa, mita za mraba 20 kwa 20." Jamani! Kila siku kwenye simu, kwenye nguzo za umeme, kwenye mabango ya barabarani, na kibaya zaidi kwenye karatasi za mauziano ambazo watu wazima wanaweka saini na dole gumba mbele ya mashahidi.

Hebu tuende taratibu. Mita moja ya mraba ni eneo la mraba wenye upande wa mita moja, basi. Mita za mraba 20 ni chumba cha mita 4 kwa 5, unaweka kitanda na kabati umemaliza. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni kitu kingine kabisa, hapo umetaja pande, ukizidisha unapata mita za mraba 400, unajenga nyumba na bado kuna pa kuanika nguo. Sasa huyu anayeandika "mita za mraba 20 kwa 20" anauza nini? Ukishasema mita za mraba pande zimeshazidishwa tayari, na hiyo "kwa" nayo inazidisha, kwa hiyo unazidisha eneo kwa eneo, na ardhi ya kipimo hicho hakuna hapa duniani, si Kibaha si Chanika.

Kuna wanaosema aah, si tunaelewana. Hamuelewani! Tuseme mmepatana shilingi 15,000 kwa mita ya mraba. Kwa mita za mraba 20 hiyo ni 300,000, kwa 400 ni 6,000,000. Mgogoro ukifika baraza la ardhi kinachosomwa ni karatasi, na dalali aliyeiandika ameshabadilisha namba ya simu zamani. Halafu anakuja mwingine anakwambia cha 40 kwa 40 ni "mara mbili" ya 20 kwa 20 kwa hiyo bei nayo mara mbili. Huyo ukimpata mshike hapohapo umlipe maana anakupa viwanja vinne kwa bei ya viwili, mita za mraba 1,600 hizo, ila wengi mahesabu yao yanageuka yakishafika upande wa mnunuzi. Fundi tailizi hawezi kukosea hivi, tailizi za sentimita 60 kwa 60 anajua nne zake zinafunika mita za mraba 1.44, akikosea anakosa za kumalizia sebule.

Na ekari nayo imeharibiwa vilevile. Wazee walipima hatua 70 kwa 70, na hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi, ndio maana ilikuwa inakaribia ekari kweli. Vijana wameondoa hatua wameweka mita, "ekari ni mita 70 kwa 70", ambayo ni mita za mraba 4,900 wakati ekari ni kama 4,047. Tofauti hiyo ni viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji juu! Wakenya kwenye hili wametushinda, wanasema ploti ni 50 kwa 100, futi, pande mbili unazisikia, hata kama wanaiita sehemu ya nane ya ekari na inapungua kidogo.

Kuna na wale ambao kila chenye kona nne ni mraba: simu mraba, mlango mraba, bendera mraba. Bendera ya mraba ni ya Uswisi na ya Vatikani, yetu ni mstatili, na mstatili nalo ni neno la Kiarabu lenye urefu ndani yake, zuri kabisa, sijui limewakosea nini. Ila seremala akiniambia meza mraba nikakuta ni mstatili nameza tu, maana kwa asili neno lilihesabu nne. Kwenye karatasi ya mauziano simezi.

"Mita mraba" na "mita za mraba" zote sawa kwangu, hata "skwea mita" sigombani na mtu. Andika "kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400", herufi na tarakimu, kabla hujatoa hata shilingi.