Intavyuu ya kampuni ya malipo ya simu: jifunze kuifuata hela ilipo

Mdogo wetu wa Sahare hapa Tanga kauliza, kaitwa intavyuu ya udevelopa, yaani kuandika programu, kwenye kampuni ya malipo ya simu huko Dar, kabakiza wiki mbili, IT kasoma ila hajawahi kufanya kazi benki wala mtandao wa simu, aanzie wapi. Naona wengi mmemwambia akariri maswali ya algorithimu, zile hatua za kutatua tatizo kwa programu. Mi nimekaa intavyuu za hivi mara tatu, mbili nilikosa, ya tatu nikapata na saivi huu mwaka wa nne nipo kazini, kwahiyo niruhusuni niseme kwa kirefu.

Algorithimu fanya mdogo wangu, sikatai, maana kuna mtihani wa mtandaoni mwanzoni na usipoupita huonani na mtu. Saa moja kila siku inatosha, na SQL, lugha ya kuchukua taarifa kwenye kanzidata, usiiache. Ila huo mtihani unakufikisha mlangoni tu.

Mimi kilichoniangusha mara ya kwanza ni swali moja. Dada aliyekuwa ananihoji kasema hivi: mteja kakatwa hela kwenye simu, duka linasema halijapokea, hela iko wapi? Nikajibu mtandao ulikuwa chini. Akaniuliza tena taratibu kabisa, sawa, mtandao ulikuwa chini, hela iko wapi? Nikanyamaza. Nimerudi Tanga na basi, Chalinze mpaka Segera nawaza swali hilo hilo, na kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu nilikuwa nalo tangu 2016.

Mwaka huo nilikuwa namsaidia mama mdogo kwenye kibanda chake cha uwakala kule Ngamiani. Siku moja kaja mnunuzi wa samaki katokea soko la samaki la Deep Sea, ana 85,000 anataka awekewe kwenye simu. Nikaingiza namba yake, kiasi, namba ya siri, kimya. Meseji haiji. Mteja ana haraka, samaki wanamsubiri kwenye barafu, nikarudia. Baada ya muda zikaingia meseji mbili kwa mpigo, kila moja ina namba yake ya muamala, floti ya mama mdogo, yaani salio lake la uwakala, imeshuka 170,000. Mshukuru Mungu yule mtu alikuwa muungwana, jioni akairudisha. Mama mdogo wala hakunigombeza, alifungua daftari akaandika ile miamala yote miwili na ule wa kurudisha, mistari mitatu, hakufuta kitu, afu akaniambia mwanangu, simu ikinyamaza haijasema hapana, angalia salio kwanza.

Sasa hiyo kauli ya mama mdogo ndo kazi ninayoifanya leo. Seva, yaani kompyuta ya upande wa pili inayopokea maombi, isipojibu, muamala haujafeli, haujulikani tu umefikia wapi, na developa anayeuhesabu kuwa umefeli akautuma tena ndo anawalipa watu mara mbili. Kwahiyo unauweka hali ya kusubiri, unauliza upande wa pili kabla ya kurudia, na kila ombi linabeba namba yake ya pekee ili likija tena seva iseme hili nilishalifanya, jibu lake ni lile lile, isitoe hela nyingine. Wenyewe wanaiita aidempotensi. Jina lisikutishe, elewa kitu chenyewe na uweze kukieleza kwa mfano wako mwenyewe. Na ile mistari mitatu ya daftarini ndo leja: kila shilingi iliyotoka mahali ionekane imeingia mahali, kosa linarekebishwa kwa mstari mpya, halifutwi. Halafu hela usiihifadhi kwenye namba za desimali za kawaida, jaribu mwenyewe kwenye JavaScript au Python kujumlisha 0.1 na 0.2 uone kinachotoka ni 0.30000000000000004. Tumia namba nzima.

Swali lingine lililonikuta: serikali ikibadilisha tozo kesho, programu yako inaguswa wapi? Mnakumbuka tozo ya miamala ilivyoanza Julai 2021, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa, na 2022 ikaguswa tena. Aliyekuwa kaandika viwango ndani kabisa ya programu alipata tabu kila mara, viwango vinakaa kwenye jedwali vikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, maana muamala wa Agosti 2021 ukirudishwa Oktoba lazima uhesabiwe kwa kiwango cha Agosti.

Soma pia sheria kidogo, sio kukariri vifungu. Ujue ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, ujue Benki Kuu ndo inatoa leseni, na zile hela unazoziona kwenye simu lazima ziwe na fedha halisi za thamani ile ile zimewekwa benki kwenye akaunti ya amana. Ujue TIPS ni mfumo wa Benki Kuu unaopitisha malipo papo hapo kati ya mabenki na mitandao ya simu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hiyo kwa kuwa utashika namba za NIDA za watu, ni dhamana kubwa kweli.

Nauli na mavazi sina mengi, ila panda basi stendi ya Kange siku moja kabla, usijidanganye na la alfajiri. Ikiwa ni ya video nunua LUKU mapema.

Wiki hizi mbili chukua muamala mmoja tu, mama anamtumia mwanae 20,000 kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, uchore kwenye karatasi hatua kwa hatua, afu kila hatua ikate katikati na ujiulize saa hii hela iko wapi na nani anajua. Mimi mara ya tatu nilienda na hiyo karatasi kichwani, walipouliza nikasimama ubaoni nikachora. Kama Jumamosi upo mjini niandikie inbox, daftari la mama mdogo la 2016 bado lipo, tutalipitia wote.