Daktari Yule Yule, Bili Mbili

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Kaka yangu anaishi Columbus, Ohio, ambako ni dereva wa malori, na ana bima ya afya kupitia kwa mwajiri wake. Kwa miaka sita amekuwa akienda kwa daktari mmoja kupima presha, katika kliniki ndogo iliyo karibu na nyumbani kwake, na kila ziara ilimgharimu takriban dola 140. Mwaka jana kliniki hiyo ilinunuliwa na mtandao mkubwa wa hospitali. Daktari hakubadilika, chumba ni kile kile, hata muuguzi anayemfunga kipimo mkononi ni yule yule. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni. Hata hivyo, baada ya ziara iliyofuata aliletewa bili mbili: moja ya daktari, dola 150, na nyingine ya hospitali, dola 290, iliyoandikwa kuwa ni ada ya kituo. Hospitali yenyewe hajaikanyaga. Sisi huku tunajua kwamba anayenunua mzigo kwa jumla huuza kwa bei nafuu. Imekuwaje mkubwa awe ghali kuliko mdogo? Na je, alipe?

Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hiyo bili ya pili. Daktari wa Marekani anayemiliki kliniki yake hutoza malipo mamoja, ambayo ndani yake mna kodi ya pango, umeme, mishahara ya wahudumu na ujira wake mwenyewe. Kliniki hiyo ikinunuliwa na hospitali, inaweza kuhesabiwa kuwa idara ya hospitali hiyo, hata kama iko kilomita kadhaa kutoka zilipo wodi, na hapo hospitali hutoza ada yake pembeni ya malipo ya daktari. Hospitali hujitetea kwamba fedha hizo hugharimia mambo ambayo kliniki ndogo haiyabebi, hasa chumba cha dharura kinachokesha wazi, ambacho kwa sheria ya mwaka 1986 hakiruhusiwi kumwacha mgonjwa mahututi kwa sababu hana fedha. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Lakini haunielezi kwa nini mtu aliyekwenda kupima presha kwa robo saa achangie chumba ambacho hakuingia, wala kwa nini hakuambiwa mapema.

Mfano wako wa duka la jumla unafaa sana, ila umeuelekeza upande usio wake. Mwenye duka la jumla hushusha bei kwa sababu mteja anaweza kuvuka barabara na kununua kwa jirani. Hebu tuseme mtu mmoja amenunua maduka yote ya mtaa ule, likiwemo la jirani. Atashusha bei kwa ajili ya nani? Nchini Marekani bei ya matibabu kwa wenye bima binafsi hupatikana kwa mapatano kati ya hospitali na kampuni ya bima, na silaha pekee ya maana aliyo nayo mtu wa bima ni kusema kwamba hospitali hiyo ataiondoa katika orodha yake. Mji ukiwa na hospitali nne zisizohusiana, tishio hilo lina uzito. Zikiwa zote chini ya mtandao mmoja, pamoja na kliniki zinazozizunguka, tishio linakuwa maneno matupu, maana hakuna mwajiri atakayewanunulia wafanyakazi wake bima isiyokubalika katika hospitali yoyote ya mjini kwao. Wachumi waliochambua malipo halisi ya bima binafsi waligundua kwamba hospitali isiyo na mshindani katika eneo lake hutoza takriban asilimia 12 zaidi ya hospitali yenye washindani wanne au zaidi.

Kwa hiyo usikubali hoja, ambayo huenda mmeisikia katika mabishano ya kifamilia, kwamba bei ni kubwa kwa sababu Wamarekani wanatibiwa mno. Wao huenda kwa daktari mara chache kuliko Wajerumani au Wajapani. Mwaka 2023 taifa hilo lilitumia dola trilioni 4.9 kwa afya, yaani asilimia 17.6 ya pato lake, na sehemu kubwa ya tofauti yake na nchi nyingine tajiri inatokana na bei ya kila huduma. Kipimo kizuri ni Medicare, bima ya serikali kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ambayo hupanga bei zake yenyewe. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba mwaka 2022, pale ambapo Medicare ingelipa hospitali dola 100, bima binafsi zililipa kwa wastani dola 254 kwa huduma ile ile. Nanyi huko Tanga mtakumbuka Machi 2024, hospitali binafsi kadhaa zilipositisha huduma kwa wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, zikipinga kitita kipya cha mafao. Huo ulikuwa ugomvi na mnunuzi mwenye nguvu. Huko Ohio nguvu imehamia kwa muuzaji.

Kaka yako hakuyaona haya mapema kwa sababu sehemu kubwa ya gharama hulipwa kabla fedha haijamfikia mkononi. Mwaka 2024 bima ya familia kupitia kwa mwajiri iligharimu kwa wastani dola 25,572, na katika hizo mfanyakazi alikatwa takriban dola 6,300 tu. Zilizobaki hulipwa na mwajiri, ambaye huzihesabu kuwa ni sehemu ya ujira, kwa hiyo bima inapopanda, nyongeza ya mshahara ndiyo inayokosekana.

Kuhusu kulipa, ushauri wangu ni kwamba asiifiche bili kabatini, na pia asikimbilie kuilipa. Kwanza apige simu kwenye bima yake kuhakikisha kwamba bili zote mbili zimepita huko na kupunguzwa kwa kiwango cha mapatano, kisha aiombe hospitali mchanganuo wa kila kipengele. Sheria ya kuzuia bili za ghafla, iliyoanza Januari 2022, kwa bahati mbaya haimsaidii hapa, kwa kuwa kliniki imo katika orodha ya bima yake. Lakini hospitali nyingi za Marekani zimesamehewa kodi kwa kuwa si za faida, na zenye msamaha huo zinalazimika kuwa na mpango ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo. Mgonjwa ana siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba msaada huo, na asizione aibu fomu hizo. Kabla ya ziara nyingine aulize swali moja kwa simu: je, hapo wanatoza ada ya kituo? Wakikubali kwamba wanatoza, atafute daktari ambaye bado anamiliki kliniki yake, ingawa kila mwaka madaktari wa namna hiyo wanapungua.

SWALI: Marekani ndiyo inayohubiri ushindani wa biashara duniani kote. Mbona serikali yake haiuzuii muungano huu wa hospitali na kliniki?

Msomaji, Nairobi

JIBU: Sheria ipo tangu mwaka 1890, na ya mwaka 1914 inalenga miungano yenyewe. Tatizo ni chujio. Makampuni hulazimika kuitaarifu serikali kabla ya kuungana pale tu thamani ya ununuzi inapovuka kiwango fulani, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 119.5. Kliniki ya madaktari watano haifiki hata karibu na hapo. Mnunuzi hununua moja leo, nyingine mwezi ujao, na serikali inapogutuka mji mzima una mwenyewe. Hivyo ndivyo Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ilivyolalamika mwaka 2023 ilipoishtaki U.S. Anesthesia Partners kwa kununua vikundi vya madaktari wa usingizi huko Texas. Kwa takwimu za chama cha madaktari cha nchi hiyo, madaktari walio katika kliniki zinazomilikiwa na madaktari wenyewe walikuwa asilimia 60 mwaka 2012. Mwaka 2024 walibaki asilimia 42.

Hospitali si mnunuzi pekee. UnitedHealth, kampuni kubwa ya bima, mwaka 2023 ilikuwa na takriban madaktari 90,000 walioajiriwa nayo au wenye mikataba nayo. Sheria ya afya ya mwaka 2010 inaitaka bima itumie angalau asilimia 80 au 85 ya michango kwa matibabu, ili faida isizidi kipimo. Lakini bima inayomiliki kliniki hujilipa yenyewe sehemu ya hiyo 85, na sioni kwamba watunga sheria waliufikiria mlango huo wa nyuma.

Mahakama huamua, ila huchelewa. Kaskazini mwa California, mfuko wa bima wa wafanyakazi wa maduka ya vyakula na waajiri wao uliushtaki mtandao wa Sutter Health mwaka 2014, ukidai kwamba mikataba yake ililazimisha bima kuzichukua hospitali zake zote au kuzikosa zote. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alijiunga mwaka 2018. Mwaka uliofuata Sutter ilikubali, bila kukiri kosa, kulipa dola milioni 575 na kuacha masharti hayo, na mahakama iliidhinisha makubaliano mwaka 2021. Fedha zilikwenda kwa waajiri na mifuko iliyokuwa ikilipa bili moja kwa moja. Hospitali zote zilibaki mikononi mwa Sutter.