Anko, yule twiga wa Florida ni wa kweli?

Wapendwa, barua za mwezi huu karibu zote ni za wanyama waliokuja karibu na gari, nimechagua tatu. Nimeendesha wageni miaka 19 nikitokea Arusha na hili jambo liko moyoni kwangu, kwa hiyo mnisamehe nikirefusha.

Shikamoo Anko. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua, Moshi. Mdogo wangu yuko Marekani, juzi kapeleka familia kwenye bustani ya Disney huko Florida akatutumia video watsapu. Wamepanda lori la wazi halina hata vioo, twiga katokea kaja kusimama katikati ya njia, shingo usawa wa siti, dereva katulia anamsubiri. Mbele huko simba yuko juu ya jiwe. Kinachoniuma hiyo safari inaitwa Kilimanjaro Safaris, na mwanangu wa mwisho kaniuliza mama kumbe Kilimanjaro iko Marekani? Mlima anauona kila akienda shule, ila twiga hajawahi kumwona kwa macho. Naomba kujua, wale wanyama ni wa kweli au mashine? Na kama ni wa kweli wamepigwa sindano au nini, mbona wametulia vile?

Marahaba mama. Wanyama ni wa kweli kabisa, kilichotengenezwa ni ile mibuyu. Sehemu yenyewe iko ndani ya Disney's Animal Kingdom karibu na mji wa Orlando, ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, pori lao lina ukubwa kama wa ekari 110 na mzunguko mmoja wa lori ni kama dakika 20. Wana twiga, nyumbu, pundamilia, faru, tembo, viboko, mamba, duma, simba. Kijiji cha kupandia lori wamekiita Harambe na mabango ya Kiswahili yapo kila kona, ndo maana mtoto kachanganyikiwa.

Sindano hakuna. Simba hata huku kwetu analala mpaka saa 20 kwa siku, huyo hahitaji dawa ya kumlaza, anachohitaji ni sababu ya kulala pale wageni wanapomwona. Basi lile jiwe lake limejengwa, lina mitambo ndani, jua likiwaka linapozwa na baridi ikija linapashwa, na simba kama paka yeyote anafuata penye raha. Twiga na wenzake wanawekewa chakula sehemu zilizofichwa kwenye miti na visiki vya bandia karibu na njia. Jioni wanaitwa kwa sauti waliyofundishwa, kila aina ya mnyama ina yake, wanaingia mabandani wanakula na madaktari wanawakagua. Kwa hiyo ule utulivu ni mazoea mama.

Sasa kitu ambacho video haikuonyeshi ni handaki. Kati ya lori na simba kuna shimo refu limechimbwa chini ya usawa wa macho, majani yameoteshwa ukingoni, ukiwa kwenye siti unaona kama ni uwanda mmoja tu yeye na wewe. Wanaoachwa wakanyage njia ya lori ni hao akina twiga, na hata huyo dereva anatakiwa amsubiri mpaka aondoke mwenyewe, kwa sababu twiga ana sura ya upole lakini teke lake linaua simba. Wale jamaa wamefanya kazi nzuri, na watu wengi duniani hawatapata nauli ya kuja huku, mimi siwalaumu.

Ila mtoto wa Pasua hana sababu ya kumwona twiga kwenye simu. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko pale ukishafika Usa River unakata kulia, kutoka Moshi ni mwendo wa asubuhi tu. Twiga pale ni wengi na wa kwetu wa Kimasai, mabaka yake kama majani ya mzabibu yaliyochanika pembeni. Kuna mbega weupe kwa weusi, nyati, flamingo kwenye maziwa ya Momella. Kiingilio cha raia kinalipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, beba vitambulisho. Wazazi wengi Moshi na Arusha tunaona hifadhi ni mali ya wazungu, inaniuma sana hii, toka lini? Kodisheni Noah watu sita mchange mafuta muende, ila kwanza ulizeni kuhusu hali ya barabara kama mvua imenyesha. Kuna matembezi ya miguu pia pamoja na askari mwenye bunduki, hiyo wangoje wakue kwanza.

Mambo Anko, mimi kijana wa Ngaramtoni. Tulienda hifadhi ya Tarangire na wenzangu wa kazini, Landkruza moja, ruf imeinuliwa tumesimama. Tembo wanavuka kwenda mtoni, jamaa yetu mmoja anamwambia dereva sogea, sogea, hawa wamezoea magari hawana neno. Dereva kasogea mpaka tukawa katikati ya mama na mtoto wake. Mama kageuka, masikio kayafungua, kaja mbio na ukelele, akasimama kama hatua tano hivi, vumbi limetujaa mdomoni. Tukarudi rivasi. Nauliza, alikuwa anatutisha tu au angetuua? Na kosa la nani?

Kosa la dereva. Nasema hivyo na mimi ni dereva. Abiria ana haki ya kutamani, anayeshika usukani ndo anajua. Kule Florida kuna handaki limechimbwa kwa ajili yako, Tarangire hakuna, handaki ni dereva. Yeye ndo anapima, asimame wapi, aache uwazi kiasi gani, atokee wapi mambo yakiharibika.

Huyo mama alikuwa anawatisha. Akija na masikio wazi, kichwa juu, anapiga kelele na kurusha vumbi, mara nyingi anataka uondoke tu, angetaka kuwaua msingepata muda wa kuhesabu hatua. Wa kuogopa zaidi ni anayekuja kimya, mkonga kaukunja chini ya kidevu, masikio kayalaza nyuma. Nimesema mara nyingi, siyo kila mara, usije ukakaa pale unajaribu kusoma masikio wakati ulipaswa kuwa umeshaondoka. Na dume akiwa kwenye kipindi cha kutafuta majike utaona majimaji yanachuruzika kati ya jicho na sikio mpaka shavuni kama mafuta, nyuma mkojo unadondoka njia nzima, hata kama una haraka huyo mpishe mapema, asikuone.

Nikueleze yangu. Mwaka wa pili nikiwa kazini, kampuni niliyokuwa nafanyia ilitupima kwa tabasamu la mgeni, mgeni akirudi hana picha ya karibu unaulizwa. Nikajiingiza kwa kundi kama huyo mwenzangu. Mama mmoja hakupiga hata kelele. Pembe lilipita mlango wa nyuma likatokea kati ya siti mbili, upande wa kushoto kakaa mtoto wa miaka kama tisa, halikumgusa. Nakumbuka mlio wa bati kuchanika, halafu pembe likawa limetulia pale ndani sekunde moja, mbili, lina matope ya kijivu na nyasi moja imebandika, halafu likatoka taratibu. Mtoto hakulia mpaka tulipofika getini. Mpaka leo nikipita gereji wanakata bati najikuta nimesimama.

Kuna kingine, wale tembo wana haki ya kutuogopa. Kati ya 2009 na 2014 nchi hii tembo walipungua kutoka kama 109,000 hadi kama 43,000, ni ujangili huo. Tembo anaishi miaka 60 na zaidi, majike wakubwa unaowaona leo walikuwepo, wameona ndugu zao wakidondoka na watu wakishuka kwenye gari. Ukimkaribia na injini inanguruma unategemea akuone wewe ni mtalii?

Siku nyingine simamisheni gari mbali, acheni njia yao wazi kabisa, nyie muwe pembeni. Msipige honi, msipige kelele, mikono ndani. Mara nyingi wakishaona huna shida wanakuja wenyewe, wanapita karibu mpaka unasikia tumbo linanguruma na nyasi zinakatika, krap, krap. Ukaribu huo yeye ndo kauchagua. Na yule jamaa yenu wa sogea sogea, siku nyingine mkalisheni siti ya nyuma.

Anko habari. Niko Sakina, Arusha. Jumamosi tulishuka Ngorongoro, tukala pale Ngoitokitok kwenye bwawa la viboko. Nimetoa paja la kuku tu mwewe kashuka kalichukua mkononi, kucha zimenikwaruza vidole damu imetoka. Je niende hospitali nichome sindano za kichaa cha mbwa?

Pole sana. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha, mwewe hakupi. Ila kucha zake zinashika mizoga, kwa hiyo osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kama 15, na nenda kituo cha afya wakuangalie sindano ya pepopunda kama hujachoma miaka mingi. Angekuwa ni nyani au ngedere kakung'ata ningekwambia acha kusoma hapa, nenda leo leo.

Mwewe wa pale wanajua saa ya chakula kuliko sisi, wanakuja kwa nyuma, husikii kitu mpaka upepo wa bawa ukupige shavuni. Kula ndani ya gari, vioo juu, na ruf ishushe. Mifupa rudi nayo kwenye mfuko wako.