Muulize Mwanamichezo: Mechi 3-3, Mjerumani kachukuaje kombe?

SWALI: Asalam aleikum kaka. Mie niko Wete, juzi usiku barazani tulikuwa tunaangalia kwenye simu ya mtu fainali ya kombe la dunia la hoki ya wanaume, ile ya 2023 Mjerumani na Mbelgiji, mechi ikaisha 3-3 halafu nkaona mchezaji mmoja anatoka mbali na mpira anamkimbilia golikipa, na kipa nae katoka golini. Wenzangu wakasema ati hayo mazoezi tu, mie nkasema ndo penati zenyewe, tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Nani mkweli? Na mechi nyengine jamaa kapiga kutoka mbali mpira ukaingia refa akakataa, kwa nini? Halafu kuna babu hapa anaapa Tanzania ishawahi kucheza hoki Olimpiki, kweli au anatupanga? – Mbishi wa Wete

JIBU: Waaleikum salaam Mbishi. Umeshinda, waambie wakununulie kahawa nyengine ya moto. Hizo ndo penati za hoki za siku hizi, mpira hauwekwi pale mtu akapiga kwa kusimama kama tulivyozoea kwenye soka. Mchezaji anaanzia mstari wa mita 23, refa akipuliza anazo sekunde 8 tu, basi, kipa yuko huru kumfata, na mpira ukimgonga kipa ukarudi bado mshambuliaji anaruhusiwa kuupiga tena maadam muda haujaisha. Kila timu watu watano, wakitoshana wanaendelea. Mjerumani akashinda 5-4 pale Bhubaneswar, India. Na mie kwa maoni yangu hii tamu kuliko penati za soka, maana hapa ujanja wa mtu unaonekana khasa.

Ila mliyokosa nyie kwa kubishana ni safari ya yule Mjerumani. Robo fainali kafungwa 2-0 na Muingereza, karudisha dakika za mwisho kabisa, kapita kwa penati hizo hizo. Nusu fainali kafungwa tena 2-0 na Australia, kashinda 4-3. Fainali Mbelgiji nae kamtangulia 2-0! Mara tatu mfululizo wallahi, mtu mwengine angeshakata tamaa zamani. Na huyo Mbelgiji ndo alikuwa bingwa mtetezi, kombe la 2018 kalichukua kwa penati hapo hapo Bhubaneswar.

La mpira wa mbali ni rahisi. Kwenye hoki goli halihesabiwi mpaka mshambuliaji auguse mpira ndani ya lile duara la mbele ya goli, kiasi mita 14 na nusu hivi, kwa hiyo ukipiga kutoka katikati hata nyavu zikatike, si goli. Na gongo lenyewe unatumia upande wa bapa tu, ule wa mviringo ni faulo.

Sasa babu. Hawapangi hata kidogo. Olimpiki ya Moscow 1980 nchi nyingi ziligoma kwenda, nafasi zikabaki wazi, hoki ya wanaume ikawa na timu sita tu na Tanzania ikawemo. Jirani zetu Kenya ndo walifika mbali zaidi, kombe la dunia la kwanza kabisa, Barcelona 1971, walishika nafasi ya nne, na lile kombe alichukua Pakistan. Hata hapa Unguja hoki si mgeni, Mnazi Mmoja wazee wetu wameicheza toka enzi za mkoloni, muulize mzee yeyote wa Mji Mkongwe.

Ila Mbishi, kuna kitu nakwambia wewe peke yako: huko Moscow India ilitufunga 18-0 na tukamaliza wa sita katika sita. Babu kama hajaitaja hiyo, na wewe usimtajie mbele ya watu, mwache anywe kahawa yake.