Maswali na majibu: dumu la oili chafu

Nilipoandika hapa kwamba mtu anaweza kumwaga oili ya gari lake mwenyewe, uani kwake, nilitegemea maswali juu ya oili ya kuweka. Karibu wote mmeuliza juu ya ile iliyotoka. Haya, twende nayo.

Shikamoo fundi. Nina bodaboda, nakaa Mbagala. Kila wiki mbili namwaga oili mwenyewe, lita moja tu, naitupa chooni. Choo chetu ni cha shimo na hakuna anayekunywa maji ya humo. Kuna ubaya?

Marahaba mdogo wangu. Ubaya upo, na umejificha kwenye hilo neno "tu". Lita moja kila wiki mbili ni lita 26 kwa mwaka, yaani ndoo kubwa imejaa mpaka inamwagika. Jumlisha na wenzako tisa wa kijiweni kwenu, mnapata lita 260, pipa zima na ushee. Shimo la choo halina sakafu, kinachoingia humo kinanyonywa na udongo, na uswahilini kisima cha jirani hakiko mbali. Oili haiyeyuki kwenye maji wala haiozi upesi. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, inasema galoni moja, ambayo ni kama lita nne, inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi.

Tena iliyotoka si ile uliyoweka. Ikishazunguka kwenye injini inabeba vumbi la chuma na shaba iliyosagika, zinki, masizi, na kemikali za moshi zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa anayezishika mwaka nenda mwaka rudi. Zamani ilibeba na risasi nyingi kutoka kwenye petroli, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli ya aina hiyo mwaka 2006.

Mimi mwenyewe sina usafi wa kukuhubiria. Gereji niliyokuwa spana boi, oili ilikwenda moja kwa moja kwenye mtaro wa mbele. Masika maji ya mtaro yalikuwa yanang'aa rangi za upinde wa mvua, na sisi tunayasifia.

Cha kufanya ni rahisi. Tafuta dumu la lita tano lenye kifuniko kinachobana. Likijaa, lipeleke kwenye gereji yenye pipa la oili chafu. Pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na kwingine utayaona, yamewekwa kwa sababu kuna watu wanakuja kuinunua. Fundi hatakukatalia, unampelekea hela.

Mimi nina Toyota IST. Kila nikimwaga oili nusu inaishia kwenye mchanga. Nakosea wapi?

Unakosea kwenye beseni na kwenye vidole. Washa injini dakika tano, zima, subiri dakika kumi. Oili ya vuguvugu inatoka vizuri, ya moto inakubabua mkono. Gari likae kwenye stendi imara, usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Tandaza boksi lililopasuliwa, juu yake weka beseni pana, la lita sita hivi, ingawa injini yako haifikishi lita nne. Lisogeze kidogo upande inakoangalia nati ya sampo (ile ya chini ya injini unayofungua oili itoke), maana oili ikifunguliwa inaruka kwa mbele kwanza, halafu ikipungua ndipo inashuka wima. Watu wengi wanakosa hapo.

Vaa glovu. Nati ilegeze kwa spana (Toyota nyingi ndogo ni namba 14), malizia kwa vidole huku unaisukumia juu kama vile unaifunga. Ukihisi nyuzi zimeisha, ivute pembeni kwa mpigo mmoja. Kisha kaa unywe chai mpaka ibaki tone moja moja.

Filta usiitupe ikiwa imeshiba. Itoboe kitako kwa bisibisi, igeuze juu ya beseni, iache mpaka kesho. Utashangaa kilichobaki humo. Kuhamishia kwenye dumu, kata chupa ya maji katikati, shingo yake ndiyo faneli yako.

Na usichanganye na kitu. Petroli uliyooshea vyuma, oili ya breki, maji ya rejeta, kila kimoja na chombo chake. Kikombe kimoja cha petroli kinaharibu pipa zima, na kinaweza kumlipukia atakayekwenda kulichoma.

Kaka fundi, niko Kigamboni. Mume wangu anataka kupaka oili chafu nguzo za uzio na banda la kuku, anasema inafukuza mchwa. Kweli?

Dada, shemeji hadanganyi. Mchwa wanaikimbia kwa muda, ndiyo maana babu zetu waliipaka. Lakini mvua mbili tatu zinaiosha, inashuka kwenye mchanga, na mchanga wa Kigamboni hauzuii kitu. Kama mnatumia maji ya kisima, ndiko inakoelekea. Kwenye banda la kuku sitaki hata kuisikia. Kuku anadonoa mbao, anaoga vumbi chini ya mbao hizo, na wewe unakula yai. Duka la pembejeo lina dawa ya mchwa yenye vipimo vyake. Au nunueni nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, mtalia siku ya kulipa mara moja tu.

Mbwa wangu ana ukurutu, jirani kaniambia nimpake oili chafu.

Usimpake. Atajilamba, na sumu itaingia tumboni. Daktari wa mifugo ana dawa ya ukurutu.

Mtaani kwetu kiangazi vumbi linatuua. Tumepanga kuchanga oili za gereji tumwage barabarani. Unaonaje?

Kuna mji mdogo Marekani, jimbo la Missouri, uliitwa Times Beach. Nao walikuwa na vumbi. Miaka ya 1970 walimlipa mtu awamwagie oili chafu barabarani. Kumbe oili ile ilikuwa imechanganywa na taka za kiwanda cha kemikali, zenye dayoksini, sumu kali. Iligundulika mwaka 1982, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuununua mji wote, watu zaidi ya 2,000 wakahama. Leo mji haupo. Sisemi oili ya gereji yenu ina dayoksini. Nasema hamjui pipa limekusanya nini. Mwageni maji jioni, au changeni kifusi.

Huku Arusha anapita kijana na guta ananunua oili chafu. Nimuuzie?

Muulize mambo mawili: kibali na inakokwenda. Oili chafu inahesabiwa taka hatarishi, na mkusanyaji anatakiwa awe na kibali cha mamlaka za mazingira. Ikienda kwenye tanuru la saruji, ambako joto linafika nyuzi 1,450, inaungua kabisa na kuokoa mafuta mengine. Ikienda kusafishwa upya ni bora zaidi. Kwenye kila lita nne inaweza kupatikana oili mpya karibu lita mbili na nusu. Akikujibu kwa kigugumizi, peleka gereji. Na makopo matupu yenye nembo yachane lebo kabla ya kuyatoa, kwani wapo wanaochuja oili chafu kwa kitambaa, wakaijaza humo na kukuuzia tena.

Oili yangu naiweka kwenye chupa ya soda chini ya meza ya jikoni. Mke wangu analalamika.

Ana haki. Mtoto anajua kilichomo kwenye chupa ya soda ni soda. Akinywa, usimtapishe, maana oili ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko inakoua. Mwahishe hospitali na chupa uibebe. Ikimwagika sakafuni usiisukumie mtaroni kwa sabuni, mwagia mchanga au unga wa mbao, iache inywe, fagia, funga kwenye mfuko. Na hiyo chupa itoe jikoni leo, kabla watoto hawajarudi kutoka shule.