"Afande, njoo umtishe kidogo"

SWALI: Mwanangu ana miaka 13, yuko Gredi ya Nane hapa Umoja, Nairobi. Walimu wamemkuta na simu ya mwenzake. Babake anataka afande aje shuleni amtie pingu mbele ya darasa, kisha alale seli usiku mmoja ndipo apate akili. Jirani naye ametuletea mtu anayeitisha shilingi 5,000 ili "afute jina" kituoni. Je, hilo la seli linawezekana? Na jina la mtoto limeshaharibika? – Mama wa Umoja

JIBU: Hapana, mama, haliwezekani, na umwambie baba watoto hivyo hivyo. Ombi lake silishangai. Kila nikialikwa shule za huku Eastlands kufundisha habari za sheria na usalama, kuna mwalimu atakayenivuta kando: "Afande, wale wa nyuma watishe kidogo." Nimekuja kufundisha, nageuzwa zimwi.

Watu wanadhani kuna kukamatwa kwa kweli na kukamatwa kwa kutia adabu. Kukamatwa ni kumoja tu. Mtoto akiingia seli lazima aandikwe kwenye OB, yaani daftari la matukio la kituo, na nikishamwandika, jambo limetoka mikononi mwa baba na mwangu pia. Mzazi na afisa wa watoto wajulishwe, mtoto atengwe na watu wazima, na ndani ya saa 24 afikishwe mahakamani. Katiba ya Kenya, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe pale tu njia nyingine zote zimeshindikana, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo. Nisipomwandika, basi aliyevunja sheria pale kituoni ni mimi. Na hizo pingu mbele ya wenzake? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kiakili. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Tena vitisho vyenyewe havifanyi kazi. Miaka ya 1970 huko Marekani, vijana watundu walipelekwa gereza la Rahway, New Jersey, wafokewe na wafungwa wa vifungo virefu. Runinga ikaonyesha, wazazi wakashangilia, miji mingine ikaiga. Baadaye watafiti walipolinganisha vijana waliopitishwa kwenye mipango ya namna hiyo na wenzao walioachwa, waliotishwa ndio walioonekana kuvunja sheria zaidi.

Kinachonikera hasa ni madhara ambayo baba hayaoni. Sikiliza ndani ya matatu yoyote: mtoto akilia, mama anamwambia, "Nyamaza, karao yule atakushika." Mtoto huyo akishikwa vibaya na mjomba au jirani, mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye mtoto atamwambia. Anaamini nitamfunga yeye. Kwa hiyo nusu ya kipindi changu darasani naitumia kuvunja hofu waliyopandiwa nyumbani, kabla hata sijataja 116, nambari ya bure ya watoto. (Maswali ya Gredi ya Nne, kwa taarifa yako, ni magumu kuliko ya mawakili.)

Kuhusu kijana wako: Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa bado hawezi kupambanua jema na baya, mpaka mahakama ioneshwe ushahidi kwamba anaweza. Sheria hiyo pia inaruhusu kosa kama hili limalizwe nje ya mahakama: mtoto akiri mwenyewe bila kulazimishwa, arudishe alichochukua, aombe radhi, apate ushauri nasaha. Rudisheni simu, mkae na wazazi wa yule mwingine mwalimu akiwepo, na mkikwama nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo.

Sasa huyo wa 5,000. Anafuta jina gani, na hakuna aliyeliandika? Mabroka hawa wanajua mzazi wa Nairobi anavyoogopa mwanawe kunyimwa cheti cha maadili mema siku ya kutafuta kazi, basi wanamuuzia hofu hiyo. Hata mtu akikamatwa kweli, bondi ya polisi, yaani ahadi ya maandishi kwamba utafika mahakamani, hailipiwi. Ukitakiwa dhamana ya pesa taslimu, unapewa risiti, na kesi ikiisha unarudishiwa. Bila risiti, usitoe hata mia.

Kuna na wale wa kambi za nidhamu za likizo, wanaume wa magwanda ya kijani wanaowaamsha watoto usiku kwa mafilimbi na kuwaviringisha matopeni, huku wazazi wamelipia. Wengi hujiita maafande. Afisa wa polisi ana nambari ya huduma, na unaweza kuithibitisha kituoni kwake. Muulize kabla hujamkabidhi mtoto. Akikasirika kwa kuulizwa, rudi na mwanao nyumbani.